Mafuta ya chakula na chembe nyekundu za damu

Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini, wala haiwezi kujitengenezea asidi za mafuta. Zile zinazojenga utando wake huanza kuzipata ingali ndani ya uboho wa mifupa. Ikishaingia kwenye mzunguko huendelea kubadilishana na majimaji ya damu: asidi zilizobebwa na protini iitwayo albumini hupenya kwenye utando, nayo chembe hutumia nguvu yake kuzifunga humo.

Chembe huishi siku 120 hivi. Kwa hiyo anayekula vibua siku mbili kabla ya kupimwa omega-3 ya chembe hizo (na wapo) hamdanganyi mpimaji. Kipimo husoma mlo wa miezi. Aliyeanza samaki leo asubiri kama miezi minne.