Jiko la Udongo: Joto Liende Chunguni, Moshi Uende Nje

Ukifika Tongoni, kusini ya mji wa Tanga kwenye njia ya Pangani, utaona magofu ya msikiti na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe karne nyingi zilizopita. Chokaa iliyoyashikanisha mawe hayo ilitokana na matumbawe yale yale, yaliyochomwa kwa kuni. Humo limo funzo kwa kila atakaye kujenga jiko nyumbani kwake.

Jiwe la matumbawe halifai kukaa motoni. Moto mkali huligeuza chokaa, nalo likipata unyevu humong'onyoka. Basi mjenzi wa jiko, ijapokuwa mawe hayo yamemzunguka, na atafute udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu.

Kwa nini tujisumbue? Mafiga matatu hupoteza joto pande zote na kuujaza moshi chumbani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na upishi wa kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Wanaoivuta zaidi ni akina mama na watoto walio mgongoni mwao. Tena kila mzigo wa kuni unaookolewa ni nafuu kwa mikoko yetu, ambayo ni mazalio ya samaki na kamba.

Changanya udongo na mchanga pamoja na majani makavu yaliyokatwakatwa. Finyanga donge, ulikaushe kivulini. Likipasuka, ongeza mchanga. Likivunjika upesi, ongeza udongo. Kandika jiko kulizunguka sufuria lako mwenyewe, ukiacha upenyo wa kidole ili ndimi za moto zilambe ubavu wake. Liache likauke kwa majuma mawili au matatu, kisha lianzishe kwa moto mdogo.

Usidhani kuwa jiko likiwa nene ndilo bora. Huko Ufini na Urusi watu hujenga majiko mazito ya matofali ili yahifadhi joto na kuipasha nyumba hata kesho yake. Sisi wa pwani hatuna haja hiyo. Ukuta mnene hula joto kabla ya chungu kuchemka. Faida yake huonekana kwa mpishi wa maharage ya saa nyingi, si kwa chai ya asubuhi.

Jambo la mwisho ni dohani. Usiipitishe kamwe katika paa la makuti, kwani cheche moja yatosha kuteketeza nyumba. Jenga jiko katika banda la pembeni lililoezekwa bati, dohani ipande juu ya paa, na masizi yazibuliwe mara kwa mara.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ili ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania waitumie. Gesi ikifika kwako, ipokee. Hadi siku hiyo, usikubali mama wa nyumba yako alie machozi ya moshi, ilhali udongo uko uani.