Je, Wajua? Herufi Zilizopinduliwa za Walisu

Je, wajua kwamba Walisu wa milima ya Yunnan, kusini-magharibi mwa China, husoma Biblia kwa herufi ambazo baadhi yake zimesimama kichwa chini?

James O. Fraser, mhandisi Mwingereza aliyekuwa pia mpiga piano hodari, alifika China kama mmishonari mwaka 1908. Walisu waliishi kwenye miteremko mikali ya bonde la mto Salween, na lugha yao haikuwa na maandishi yaliyoenea. Akishirikiana na Ba Thaw, mwinjilisti Mkareni kutoka Burma, Fraser alichukua herufi kubwa za Kilatini na kuzipindua baadhi ili zibebe sauti nyingine. Nukta na mkato zikaonyesha toni. Ubunifu wa kupendeza kweli!

Lakini kazi haikuwa ya vitabu tu. Huko Letchworth, Uingereza, mama yake aliongoza kikundi cha maombi, na Fraser aliwaandikia barua akitaja mahitaji mahususi ya kuombea.

Agano Jipya la Kilisu lilikamilika mwaka 1936. Fraser alifariki miaka miwili baadaye, kwa malaria. Mwaka 1992 serikali ya China iliyatambua rasmi maandishi hayo.