Waliosoma Pamoja Wasipoteane

Hebu niwaeleze jinsi wazee waliosoma chuo pamoja wanavyodumisha urafiki. Nyanya yangu, mwalimu mstaafu, ana chama na wenzake wa chuo cha ualimu. Katibu huweka daftari lenye majina na anwani za wote. Kila mwezi hutoa mchango. Zamani walitegemea posta. Tangu 2007 kuna M-Pesa, basi umbali si kisingizio. Mmoja akilazwa, humtembelea. Akifiwa, hutoa rambirambi. Babu alipofariki, wao ndio waliofika kwanza, kabla ya jamaa wa mjini. Kumbe ni wao tu waliobaki wanaomwita nyanya kwa jina lake la usichanani! Wenzangu, tuanze daftari letu sasa. Akiba haiozi.