Zawadi ya Simu Inamfikia Nani?

Siku hizi vijana wengi wana simu za kutazamia picha. Jioni hukaa pamoja na kumtazama mtu aliye mbali akiimba, akipika au akipiga soga saa ile ile. Hayo ni matangazo ya moja kwa moja. Vijana huyaita "laivu". Mtazamaji halipi kiingilio. Je, wenye mtambo hupata wapi fedha?

Kwanza, hulipwa na wafanyabiashara ili watangaze bidhaa zao. Redio nazo hufanya hivyo, si jambo geni.

Pili, kuna zawadi. Hapa pana maneno mengi. Tutazame TikTok, mtambo ulioanzishwa na kampuni ya China iitwayo ByteDance. Mtazamaji hutoa fedha zake halisi, akanunua "sarafu". Sarafu hizo hazishikiki. Ni hesabu tu ndani ya simu. Kwa sarafu moja hupata picha ya waridi. Picha ya simba ni maelfu ya sarafu. Humrushia mtangazaji picha hiyo. Ikifika kwa mtangazaji hugeuka "almasi", na almasi ndiyo hubadilishwa kuwa fedha. Kila hatua fedha hupewa jina jingine. Mtoaji husahau upesi kwamba waridi lile lilikuwa shilingi zake.

Tena watangazaji wawili hushindanishwa kwa dakika chache. Anayepewa zawadi nyingi ndiye mshindi. Hapo hata fedha ya unga hutoka mfukoni.

Sasa tufanye hesabu. Mwaka 2022 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilichunguza habari za familia zilizokimbia vita kaskazini magharibi mwa Syria. Watu hao walikaa kambini wakiomba msaada kwa laivu, saa baada ya saa, pamoja na watoto wao. BBC ikafungua akaunti ya majaribio huko Syria, kisha ikaitumia zawadi za dola 106 kutoka London. Zilizofika ni dola 33. Dola 73 zilikatwa na TikTok. Duka la kutolea fedha nalo likakata sehemu ya kumi. Madalali wa kambini walikuwa wakichukua asilimia 35 ya salio. Kwa hesabu hiyo familia ingebaki na dola 19.

TikTok ilijibu kwamba makato yake ni chini sana ya asilimia 70. Haikusema ni kiasi gani hasa. Akaunti zile za kuombea ilizifunga, lakini baada ya BBC kuiuliza.

Zoezi

1. Kati ya dola 106, ni dola ngapi hazikuifikia familia?

2. Mtu ametuma zawadi za shilingi 10,000. Mtambo umekata shilingi 69 katika kila shilingi 100. Mtangazaji amepata shilingi ngapi?

3. Jadilianeni darasani: kijijini kwetu, fedha za kumsaidia mgonjwa hupitia mikononi mwa watu wangapi?