Chuo Kimfuate Mtumishi Kazini

Karani wa masijala wa Micheweni anapoitwa kwenye mafunzo Unguja, huteremka hadi bandarini, hupanda boti, na nyuma yake hubaki majalada yasiyofunguliwa na wananchi walioambiwa warudi wiki ijayo. Huko hufundishwa utunzaji wa kumbukumbu kwa mifano isiyofanana hata kidogo na kabati lake. Hurudi na cheti, na kabati hulikuta vile vile. Ikiwa ni mama mwenye mtoto mchanga, basi pengine hata hiyo safari haendi, na jina lake huruka kila orodha inapotengenezwa.

Hatusemi haya kwa kuvibeza vyuo vyetu. Chuo cha Utawala wa Umma, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na chenye makao yake Tunguu, kipo kwa kazi hii hasa. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar nacho, baada ya kuvipokea vilivyokuwa vyuo vya fedha vya Chwaka, vya afya vya Mbweni na vya utalii vya Maruhubi, kina walimu wa fani nyingi chini ya paa moja. Tunachokitaka sisi ni kwamba mwalimu ndiye avuke bahari, akae na watumishi wa ofisi moja, na somo litokane na barua, hesabu na malalamiko ya ofisi ile ile.

Wazo hili si geni. Mwaka 1973, Bwana Rashidi Kawawa akiwa Waziri Mkuu, Serikali iliagiza elimu ya wafanyakazi itolewe mahali pa kazi. Lakini agizo ni jepesi kulitoa. Saa ya kazi ndiyo nzito kuiachilia. Mkuu wa ofisi anayemwita mwanafunzi katikati ya somo akamtafutie jalada, huyo amelivunja darasa. Ni yeye pia anayepaswa kukiambia chuo, kabla ya mwalimu kuja, ni kazi gani inayoshindikana ofisini mwake. Kukiri hivyo hakupendezi, na hapo ndipo tunapodhani mambo mengi hukwama.

Wapo watakaonuna, maana safari ina posho yake, na posho hiyo imelipia ada za skuli za watoto wengi. Hilo tunalielewa. Hata hivyo, nauli na malazi ya watu ishirini ni fedha za umma, na mwalimu mmoja hahitaji ila kitanda kimoja.

Wizara inayosimamia utumishi wa umma ingeweza kuanza na ofisi mbili tu, moja Unguja na moja Pemba, kwa kazi moja iliyo wazi: kujibu barua za wananchi. Zihesabiwe zilizojibiwa katika miezi mitatu kabla ya mafunzo na mitatu baada yake, na hesabu hiyo ibandikwe mlangoni, wenye barua waisome.