Mshono Usiosikika: Siri ya Lupu Kwenye Kinanda

Chagua sauti ya fidla kwenye kinanda cha kisasa, bonyeza kitufe kimoja, usiachie. Fidla italia dakika nzima ukitaka. Lakini mpiga fidla aliyerekodiwa pengine alivuta upinde sekunde tatu tu. Muda mwingine wote unatokana na lupu: kinanda kikifika mahali fulani ndani ya sauti iliyorekodiwa, hurudi nyuma na kupiga kipande kilekile, tena na tena, hadi uinue kidole.

Zamani haikuwa hivyo. Mellotron, kinanda kilichoanza kutengenezwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1963, kilikuwa na utepe wa sumaku chini ya kila kitufe. Utepe ulidumu sekunde nane hivi. Ukiisha, sauti inakatika. Hata vinanda vya kidijitali vilivyofuata vilibanwa na kumbukumbu ndogo. Korg M1 ya mwaka 1988 ilibeba sauti zake zote, piano, filimbi na ngoma, ndani ya megabaiti 4. Kwa kipimo cha CD, hizo hazitoshi hata dakika moja ya kurekodi. Lupu ndiyo iliyowezesha zote kuenea humo.

Kupanga lupu ni kuchagua nukta mbili: mwanzo wake na mwisho wake. Kazi hii naifananisha na ya fundi cherehani anayeunga vipande viwili vya kitenge. Fundi mzuri hakimbilii uzi. Kwanza anatafuta mahali ambapo ua la kipande hiki linakutana na ua la kipande kile. Ua likikutana, mshono hauonekani.

Kwenye skrini, sauti ni wimbi linalopanda na kushuka, likikata mstari wa katikati, yaani sifuri. Mwisho wa lupu ukiwa kileleni na mwanzo ukiwa bondeni, spika inalazimika kuruka ghafla, na mruko huo ndio ile "tak, tak, tak" inayokera. Weka nukta zote mbili kwenye sifuri. Wengi huishia hapo, na tak bado inasikika. Sababu ni kwamba wimbi hukata sifuri angalau mara mbili katika kila mzunguko, likipanda na likishuka. Kama mwisho umewekwa pale linapopanda, mwanzo nao uwe pale linapopanda.

Baada ya hapo, pima urefu. Noti ya La ina mizunguko 440 kwa sekunde, na sauti ya kipimo cha CD ina nukta, yaani vipimo vya wimbi, 44,100 kwa sekunde. Kwa hiyo mzunguko mmoja wa La ni nukta 100.2. Ukiunga mzunguko mmoja tu kwa nukta 100 kamili, La inapanda hadi 441. Kwa Do ya katikati kosa ni kubwa zaidi: mzunguko wake ni kama nukta 168.6, na ukikata kwenye 168 sauti inapanda karibu sehemu sita za mia za nusu toni. Noti inaanza sawasawa, kisha ikiingia kwenye lupu inateleza. Tiba ni kuchukua mizunguko mingi. Mizunguko 50 ya La ni nukta 5,011, na kosa linalobaki halishikwi na sikio la mtu.

Tena lupu ndefu huhifadhi uhai. Mzunguko mmoja ukirudiwa mara mia nne kwa sekunde, mkwaruzo wa upinde na pumzi ya mbao vinapotea, na fidla inabaki kulia kama mbu.

Penye mtetemo wa kidole ndipo nilipojifunza kwa taabu. Nilirekodi noti ya fidla iliyotetemeka karibu mara tano kwa sekunde. Sifuri nilizilinganisha, tak haikuwepo, lakini fidla ilikuwa kama ina kwikwi. Nilipokuza picha ya wimbi nikaona kosa: lupu yangu ilibeba mitetemo miwili na nusu. Kila ilipofika mwisho, kidole kilikuwa juu, na mwanzo ulikikuta chini. Nikaisogeza hadi mitetemo mitatu kamili, nukta kama 26,500, na kwikwi ikaisha.

Kama mshono bado unasikika, tumia krosifedi: kinanda huchanganya polepole mwisho wa lupu na sauti iliyotangulia mwanzo wake. Inasaidia, ila haifichi uzembe. Mawimbi yasiyolingana yakichanganywa hupunguzana nguvu, na sauti inafifia kila inapopita pale.

Si kila sauti inahitaji lupu. Ngoma na makofi yaache yaishe yenyewe. Kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, nayo hufifia kiasili. Ukilazimika, weka lupu kwenye mkia wake, kisha kiachie kinanda kazi ya kuipunguza taratibu.

Mwisho, vaa hedifoni, shikilia noti sekunde ishirini, kisha jaribu oktava ya juu. Huko kila kitu hukimbia mara mbili, na mitetemo mitano inakuwa kumi. Ndiyo maana inafaa kurekodi upya kila baada ya noti chache, na kila rekodi kuipa lupu yake.

Ni kazi ya subira, na nasisitiza tuifanye. Katika vikundi vingi vya taarabu ya kisasa, kinanda kimechukua nafasi ya safu nzima ya fidla. Wapo vijana ambao fidla wameisikia kwa kinanda tu. Ikiwa sisi tunaorekodi tutawapa fidla yenye kwikwi, hiyo ndiyo watakayoijua.