Leseni 5, wafanyakazi 9: Nani apewe akaunti mfumo mpya ukiingia dukani?

Kwa ufupi
- Programu nyingi za biashara huuzwa kwa idadi ya watumiaji, hivyo kila jina linaloongezwa lina gharama.
- Wapewe kwanza wanaoingiza taarifa kila siku. Wanaosoma ripoti tu wanaweza kusubiri.
- Kushea paswedi kunaokoa hela leo, lakini kesho asiyehusika anaweza kubebeshwa deni.

Dar es Salaam. Chukulia mfano wa duka la vifaa vya ujenzi Tabata Segerea. Lina watu 9: mmiliki, mhasibu, makeshia 2, mtunza stoo, wauzaji 2 wa kaunta, dereva na kibarua wa kupakia mizigo.

Mmiliki ameamua kuachana na daftari na kuweka mfumo wa mauzo na stoo kwenye kompyuta. Amelipia leseni 5. Siku ya kwanza tu, kila mtu anataka kuingia.

Wiki ya pili dawa inapatikana, ile ile inayojulikana na wengi: akaunti moja inatumiwa na yeyote aliye karibu, na paswedi inabandikwa kwenye kikaratasi pembeni ya kompyuta.

Mwisho wa mwezi, mauzo ya mifuko 20 ya saruji yamefutwa kwenye mfumo. Saruji haipo stoo, hela haipo kwenye droo. Mfumo unasema aliyefuta ni “keshia1”. Shida ni kwamba siku hiyo watu 4 walitumia jina hilo.

Je, nani atakatwa mshahara?

Leseni gani hasa?

Hii si leseni ya biashara inayotolewa na halmashauri. Ni ruhusa ya kutumia programu, na masharti yake hutofautiana.

TallyPrime, kwa mfano, ina toleo la Silver la mtumiaji mmoja na la Gold linaloruhusu watumiaji wengi kwenye mtandao mmoja wa ofisi. QuickBooks Online huuzwa kwa vifurushi: Simple Start ni mtumiaji 1, Essentials 3 na Plus 5.

Kwa jumla kuna aina mbili za kuhesabu watumiaji.

Ya kwanza ni leseni ya jina. Hii ni kama kitambulisho: ni ya mtu mmoja, hata akiwa likizo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuitumia.

Ya pili ni leseni ya zamu. Hii ni kama daladala ya level siti: siti zikiwa 5, wa sita anasubiri mmoja ashuke. Hapa unaweza kuwa na majina 9, mradi wanaoingia kwa wakati mmoja wasizidi 5. Ila keshia akienda kula bila kutoka kwenye mfumo, siti yake inabaki imekaliwa.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji swali moja: hizi leseni 5 ni za majina au za wanaoingia kwa wakati mmoja? Jibu lake liwe kwa maandishi.

Nani aanze?

Wengi hugawa kwa vyeo. Bosi kwanza, kisha ndugu wa bosi, halafu keshia anakosa. Kipimo sahihi ni kazi: nani asipoingia kwenye mfumo leo, taarifa za duka zitakuwa pungufu?

Kwa duka letu la Segerea, makeshia 2, mtunza stoo na mhasibu wanachukua leseni 4. Ya tano ni ya mmiliki, si kwa sababu ndiye aliyelipa, bali kwa sababu lazima awepo mtu nje ya kaunta wa kuidhinisha kufuta mauzo na kubadili bei.

Wauzaji wa kaunta wanaweza kutumia orodha ya bei iliyochapishwa na kumpelekea keshia oda kwenye karatasi. Dereva anahitaji hati ya kupeleka mzigo tu.

Usilipie zote siku moja

Kama malipo ni ya mwezi, anza na mtunza stoo, mhasibu na mmiliki. Wahesabu mzigo, waingize bidhaa na bei. Makeshia waongezwe stoo ikishakuwa sawa.

Wakati huo makeshia wajifunze kwenye toleo la majaribio, kama muuzaji analo, ili makosa ya mafunzo yasiingie kwenye hesabu halisi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Tuseme leseni moja ni Sh50,000 kwa mwezi. Watu 9 ni Sh450,000, watu 5 ni Sh250,000. Tofauti ni Sh200,000 kwa mwezi, sawa na Sh2.4 milioni kwa mwaka.

Kwa nini kushea paswedi ni hatari

Turudi kwenye saruji. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hakimruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa kumhisi tu mfanyakazi. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi huyo, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi cha deni, na apewe nafasi ya kupinga. Makato yasizidi robo ya ujira wake.

Sasa utathibitisha vipi kosa la mtu mmoja kwenye akaunti ya watu 4? Mwajiri anakosa ushahidi, na keshia asiye na hatia anakosa utetezi. Wote wawili wanapoteza, isipokuwa aliyefuta.

Njia ya mkato nyingine ni programu iliyochakachuliwa. Nayo ina hatari, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki inalinda pia programu za kompyuta. Tena siku ikigoma, huna wa kumpigia simu.

Fanya haya kila mwezi

- Andika orodha ya nani ana leseni na anafanya nini.
- Asiyeingia kwa siku 30 aulizwe. Kama haihitaji, apewe mwingine.
- Mtu akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo. Usimpe mrithi wake jina na paswedi ya zamani.
- Foleni ya keshia ikirefuka kila siku kwa sababu ya kusubiriana, hapo nunua leseni ya sita.

Na kile kikaratasi cha paswedi pembeni ya kompyuta? Kibandue leo.